Kabla hujapokea pesa ya mfadhili kwa kazi ya haki na wakimbizi, angalia haya kwanza

Nawaandikia nyinyi wenye vikundi hapa Kampala, Uganda, na mlioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja, nyinyi mnaofundisha watu Kiingereza, mnaosindikiza wagonjwa hospitali, mnaokaa polisi mpaka usiku na mama ambaye hakuna anayemwelewa lugha, na saa hii mmesikia kuna mfadhili anatafuta vikundi vya wakimbizi wenyewe au vya jamii zilizo chache awape pesa. Sawa, ichukueni. Lakini kuna mambo ya kupanga kabla pesa haijafika, juu nimeona vikundi vizuri kabisa vikifa mwaka uleule vilipopata pesa, na vingine ambavyo havijawahi kupata hata shilingi bado vinafanya kazi.

Karatasi kwanza, na hii nasema haraka. Cheti cha CBO (kikundi cha kijamii cha eneo) kinakupa ruhusa ndani ya eneo ulikosajiliwa, ukitaka kutoka hapo lazima uwe NGO (shirika lisilo la kiserikali), yaani uanzie URSB, ofisi ya kusajili kampuni, halafu NGO Bureau (ambayo tangu 2024 imeingizwa ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani) upate cheti na kibali. Angalia tarehe kibali kinaisha lini na uiandike ukutani. Agosti 2021 mashirika 54 yalisimamishwa kwa mpigo, na sababu zilizotajwa zilikuwa kama hizi: kibali kimeisha, ripoti za mwaka hazikupelekwa, hesabu zilizokaguliwa hazipo, usajili hakuna. Watu walisema ni siasa tu na pengine ni kweli, ila wewe usimpe mtu sababu iliyo kwenye faili yako mwenyewe. Kwenye makazi ya wakimbizi ongeza ruhusa ya OPM (Ofisi ya Waziri Mkuu, ndiyo inayosimamia wakimbizi), na umuone komandanti, mkuu wa makazi, kabla hujaita mkutano, hata kama ni wa watu kumi chini ya mti.

Pili, jua pesa inatoka wapi na ina masharti gani. Watu wanalalamika fomu za Wamarekani ni ndefu, ati zinauliza kama utaandikisha wapiga kura, kama utashawishi wabunge, kama unaunga mkono mgombea. Hayo maswali yana historia yake. Mwaka 1967 Ford Foundation, mfuko binafsi mkubwa wa Marekani, ilitoa pesa kwa tawi la CORE kule Cleveland, shirika la kutetea haki za watu weusi, na sehemu ya pesa ikaenda kuandikisha wapiga kura, mwaka huohuo Carl Stokes akachaguliwa meya, mtu mweusi wa kwanza kuongoza mji mkubwa namna ile Marekani. Wabunge wengi hawakupenda, na 1969 sheria ya kodi ikabadilishwa ikawabana hao wafadhili binafsi. Tangu hapo mfuko binafsi wa Marekani ukitaka kukupa wewe wa Katwe pesa una njia mbili kubwa: mfuko wenyewe uthibitishe kwamba kikundi chako kinalingana na shirika la hisani la kwao, au ubebe jukumu la kufuatilia matumizi mpaka mwisho, na ripoti kila mwaka na pesa itengwe isichanganyike na nyingine. Zote mbili ni kazi nyingi. Ndio maana wengi wanaona heri wapitishe kwa shirika lingine lenye makaratasi tayari, halafu hilo likupe wewe. Shika hapo, nitarudi, juu hapo ndipo watu wanapoumia.

Na usifikiri mfadhili akiwa na moyo mzuri basi hatagusa mambo yako. Ford haohao 1968 walitoa dola milioni 2.2 kuanzisha MALDEF, shirika la kutetea kortini Wamarekani wenye asili ya Mexico, kazi nzuri na inaendelea mpaka leo, lakini haikupita miaka mingi makao makuu yakatolewa San Antonio yakapelekwa San Francisco, na mkono wa mfadhili ulikuwemo. Kwa hiyo uliza mapema: nani anaamua ofisi ikae wapi, nani anachagua kesi gani tubebe na gani tuache. Wakikujibu kwa mdomo, waandikie barua pepe yenye majibu yao, wathibitishe.

Tatu, pesa inakatika. Mfuko wa DGF (Democratic Governance Facility) uliochangiwa na nchi za Ulaya ulibeba kazi nyingi za haki Uganda tangu 2011, Januari 2021 Rais akausimamisha, Juni 2022 akauruhusu tena, mwisho wa 2022 ukafungwa kabisa. Halafu Januari 2025 Marekani wakasimamisha misaada, na kufikia Julai mosi USAID, shirika lao la misaada, ikawa imefungwa. Watu walikuwa na mikataba imesainiwa vizuri na mihuri juu. Tafuta kwenye mkataba sehemu inayosema ukivunjwa katikati nani analipa notisi ya wafanyakazi na kodi ya nyumba iliyobaki, kama haipo omba iwekwe, na usipangishe nyumba ya miaka miwili kwa mradi wa mwaka mmoja.

Sasa narudi kwa ile ya kupitisha pesa kwa wengine.

Kuna kikundi cha kina mama wa Kikongo, sitasema mtaa gani, mimi nilikuwa nawatafsiria mikutano yao na mfadhili. Chumba kimoja cha kupanga, asubuhi darasa la Kiingereza, mchana kushona, Ijumaa anakuja mwanasheria wa kujitolea anasikiliza kesi za watu waliokataliwa ukimbizi au waliodhulumiwa mshahara. Kazi ilionekana. Mfadhili wa Ulaya akakubali, lakini akasema cheti cha CBO peke yake hakitoshi, anataka hesabu zilizokaguliwa, na hawa kina mama hawakuwa nazo. Likajitokeza shirika moja lenye jengo na gari, mkubwa wake akasema leteni kwetu, sisi tutawabeba. Mama mwenyekiti akauliza, "Mtakata ngapi, mzee?" Akajibiwa, "Mama, usijali, ni kidogo tu, si sisi ni ndugu?" Soda zikaletwa, picha ikapigwa, wakarudi nyumbani wamefurahi.

Mkataba na mfadhili ulisainiwa na lile shirika peke yake. Kikundi hakikusaini kitu chochote na mtu yeyote. Pesa ilipoingia hawakujua, walikuja kujua mfadhili alipowaandikia kuwapongeza. Kwenda kuuliza, mhasibu yuko safari. Kurudi tena, bodi haijasaini. Baadaye ikaja karatasi ya makato, asilimia 15 ya usimamizi, juu yake mafuta ya gari, juu yake tena kitu kinaitwa gharama ya uangalizi, na hakuna aliyewahi kuja kuangalia. Kilichobaki kikaanza kutumwa vipandevipande kwenye simu ya mwenyekiti, yeye ndiye anakatwa ada ya kutoa na ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa kwenye simu, na hiyo haipo kwenye bajeti, kwa hiyo kila akitoa risiti hazilingani na alichopokea. Halafu lile shirika likawa na deni lake na mtu mwingine kabisa, kesi ikaenda kortini, akaunti ikazuiwa. Pesa ya kina mama imo ndani. Ukienda benki unaambiwa hii akaunti si yenu, na kweli si yao.

Mwenye nyumba akavumilia akachoka, akafunga kufuli. Asubuhi wanafunzi wamefika na madaftari wanasimama kwenye baraza, ndani mashine zinaonekana dirishani, na kila mashine kichwani ina stika ya lile shirika yenye namba, juu walipozinunua waliziandika kwenye vitabu vyao wao. Na kweli siku moja pikapu ilikuja ikazibeba zote. Mfadhili alipouliza ripoti akaambiwa kikundi hakijaleta risiti, naye hana mkataba na kikundi, atafanya nini?

Lakini hata pesa na mashine si ndiyo iliyoniuma zaidi. Iliyoniuma ni kwamba mtaani watu walisema mwenyekiti amekula. Walishaona picha, walishasikia dola, shule imefungwa, nani mwingine ale? Kanisani mtu anahama benchi. Kilichomsaidia kidogo ni daftari la mistari alilokuwa anaandika kila shilingi iliyoingia kwenye simu, tarehe, aliyetuma, alichokatwa, aliyempa, sahihi pembeni. Aliwaita wazee wa jumuiya akalifungua mbele yao ukurasa kwa ukurasa. Wengine walimuamini. Wengine mpaka leo bado.

Kwa hiyo kama lazima upitie kwa mtu, iwe kwa maandishi na pande tatu zisaini: mfadhili, wenye akaunti, na nyinyi. Iandikwe wanakata asilimia ngapi na hiyo ni pamoja na kila kitu (wengi wanakata kati ya 5 na 15, ukisikia zaidi uliza wanafanya kazi gani ya ziada), pesa ikiingia wawaambie ndani ya siku ngapi na waitoe ndani ya siku ngapi, ikae kwenye akaunti yake peke yake au angalau muoneshwe taarifa ya benki kila mwezi, vifaa ni mali ya nani tangu siku vinanunuliwa, nani analipa ada za kutuma, na mfadhili aruhusiwe kuongea na nyinyi moja kwa moja bila kuomba ruhusa. Uliza pia kama wana kesi au madeni. Ni swali la aibu, liulize. Na kiasi kilichoingia kibandikeni ukutani pale watu wote wanapita, kabla mtaa haujatunga hesabu yake. Wakati huohuo anzeni kujenga hesabu zenu ziweze kukaguliwa, msipande mgongo wa mtu maisha yote.

Bajeti. Weka kodi ya nyumba, umeme, ada za benki, mkaguzi wa hesabu. Weka NSSF, akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, mwajiri analipa asilimia 10 na mfanyakazi anakatwa 5, na tangu mabadiliko ya sheria ya 2022 hata ukiwa na mfanyakazi mmoja inakuhusu. Weka PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara. Wafadhili wengine wananuna wakiona mishahara, wanataka pesa yote iende kwa walengwa, basi waulize huyo mlengwa atafundishwa na nani. Na dola: mwanzoni mwa 2024 ilikuwa karibu shilingi 3,900, Oktoba 2025 ikawa karibu 3,500, aliyepanga mishahara kwa bei ya kwanza akajikuta na pengo na hajaiba kitu. Panga kwa bei ya chini.

Wenyeji msiwasahau. Utaratibu wa hapa unataka msaada wa wakimbizi ugawiwe pia kwa wenyeji, ndiyo ile 70 kwa 30 mnayoisikia, 70 ya wakimbizi na 30 ya wenyeji, na hata bila hiyo ukifungua darasa la wakimbizi peke yao kwenye mtaa ambao Waganda nao hawana ada ya shule utapata maadui bure.

Na kama unaandika mradi wa jamii ndogo ambayo si yako, Batwa kwa mfano, acha kwanza. Wale walitolewa Bwindi na Mgahinga, 1991 zikawa mbuga za taifa, na tangu hapo sijui wameandikwa kwenye maandiko mangapi ya miradi na watu ambao hawajawahi kulala Kisoro hata usiku mmoja. Wana shirika lao, UOBDU, na ndilo lililopeleka kesi mpaka Mahakama ya Katiba ikaamua Agosti 2021 kwamba wanastahili hatua za kuwainua. Nenda ukawaulize wanataka nini, na kama kuna pesa iende kwao, wewe ukitakiwa utaitwa.

Majina na picha. Karatasi ya mahudhurio ina jina, namba ya simu, nchi, mara nyingine hata namba ya kadi ya ukimbizi, halafu unaiacha mezani au unaipiga picha unaituma kwenye grupu la WhatsApp. Kuna watu hapa wanatafutwa na waliowakimbia. Sheria ya kulinda taarifa binafsi ipo tangu 2019, lakini hata isingekuwepo. Mama akikataa picha, amekataa, usimwambie mfadhili anaitaka.

Risiti: boda hatoi, mama wa soko la Owino hatoi, kwa hiyo chapisha vocha zako mwenyewe wasaini na namba ya simu, na mueleze mfadhili mapema kwamba ndivyo itakavyokuwa. Watu watatu wasaini benki na wasiwe wa nyumba moja. Pesa ya mradi isilale kwenye simu ya mtu.

Msimu wa uchaguzi punguza mikutano, na mgombea akitaka kuja kuhutubia darasani kwako mwambie kuna mtihani. Barua pepe za mradi zisiwe kwenye anwani ya mtu mmoja ambaye kesho anapata safari ya Canada anaondoka na neno la siri. Mtu akikwambia kuna mfadhili ila ulipie fomu kwanza, au akuletee "ajenti" anayetaka asilimia kabla, usilipe. Mzungu akija na kamera kabla ya karatasi, mpe chai, usisaini siku hiyo, hata akisema ndege yake ni kesho.