Doti Moja na Nazi Mbili: Kupamba Sebule na Kuandaa Chakula cha Familia kwa Mikono Yako

Katika nyumba nyingi za pwani, sikukuu ikikaribia au wageni wa ukoo wakitarajiwa, kazi ya kupamba na kazi ya kupika humwangukia mtu yuleyule katika siku zilezile, naye huishia kununua mapambo ya haraka dukani na vyakula vilivyokwisha kuokwa, kwa kudhani kwamba muda hautoshi. Muda hutosha kazi zikipangwa vizuri, kwa sababu mchele na mbaazi huroweka usiku kucha bila kuangaliwa, rojo la mkate huumuka lenyewe, na hizo ndizo saa za kukata na kushona. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kutumia doti moja ya kanga na nazi mbili ili kupata foronya tatu za mito ya makochi, pambo la ukutani, mkate wa kumimina na chungu cha mbaazi za nazi, yote kati ya jioni moja na alasiri ya siku inayofuata.

Kuchagua na kufua kanga

Mombasa watu huifuata kanga katika Mtaa wa Biashara, Unguja huenda Darajani, na Dar es Salaam huenda Kariakoo. Popote utakaponunua, hakikisha kwanza kwamba kitambaa ni pamba, kwa kuwa foronya ya nailoni huteleza, hutia joto na haishiki pasi. Chomoa uzi mmoja ukingoni na uuchome: uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini, ilhali uzi wa plastiki huyeyuka na kujikunja kuwa kidonge kigumu.

Usikate kanga mpya kabla ya kuifua. Kanga hutoka kiwandani ikiwa na wanga unaoifanya iwe ngumu, na ikifuliwa kwa mara ya kwanza hupungua kidogo na kuchuja rangi. Ukishona kwanza na kufua baadaye, foronya itabana mto na mishono itajikunja. Iloweke peke yake katika maji baridi, uisuuze mpaka maji yatoke meupe, uianike kivulini, kisha uipige pasi ingali na unyevu kidogo ili nyuzi zinyooke. Wapo wanaotia chumvi katika maji ya kwanza, na mila hiyo haina ubaya, lakini linaloziokoa nguo nyingine ni kutoichanganya kanga hiyo nazo mpaka imalize kuchuja.

Baada ya kufuliwa, kanga ya kawaida huwa na urefu wa karibu sentimita 145 na upana wa karibu sentimita 105, ingawa viwanda hutofautiana, kwa hiyo pima ya kwako kabla ya kushika mkasi. Itandaze na uitazame kwa utulivu. Ina pindo linaloizunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina lililoandikwa kwa chini, juu kidogo ya pindo. Vipande viwili vya doti hufanana kabisa, na hapo ndipo ilipo faida yake kwa mshonaji: cha kwanza hutoa nyuso za mito na cha pili hutoa migongo.

Kukata bila kuharibu mji wala jina

Tuchukue mto wa sentimita 45 kwa 45, ambao ndio wa kawaida katika makochi yetu. Uso wake hukatwa sentimita 48 kwa 48, ili kila upande ubaki na sentimita moja na nusu ya mshono. Mgongo huwa na vipande viwili, kila kimoja sentimita 48 kwa 34, vitakavyopandana katikati kama bahasha, na kwa njia hiyo huhitaji zipu wala vifungo.

Katika kanga ya kwanza, tafuta katikati ya mji kwa kuikunja mara mbili, kisha uchore kwa chaki mraba wa kwanza ukiwa umeizunguka nukta hiyo. Miraba mingine miwili ichore kulia na kushoto kwake katika mstari huohuo, nayo kwa kawaida itakuwa na kipande cha pindo upande mmoja, jambo linalopendeza sana mito hiyo ikipangwa huku ule wa katikati ukiwa na ua zima. Katika kanga ya pili, anza kukata kutoka juu: safu mbili zenye vipande vitatu kila moja, kila kipande kikiwa na urefu wa sentimita 48 kwa ulalo na 34 kwa wima. Utapata migongo sita, na chini kitabaki kipande kirefu chenye upana wa karibu sentimita 37, kikiwa na pindo la chini na jina lote bila kukatwa.

Mtu anaweza kubana vipimo akapata foronya nne kutoka katika doti hiyohiyo, lakini mimi simshauri. Ili kuipata ya nne, jina hukatwa vipande, na neno lililokatwa nusu mgongoni mwa mto huipa kazi nzima sura ya ubanaji. Kanga huchaguliwa kwa maneno yake sawa na inavyochaguliwa kwa rangi zake, na aliyeandikiwa nyumbani kwake kwamba subira huvuta heri anastahili kuyasoma maneno yote matatu. Kwa sababu hiyohiyo, usiikate kanga ambayo mtu mwingine wa nyumbani aliletewa kama zawadi kabla ya kumwomba ruhusa, hata kama imekaa sandukuni miaka mingi.

Kushona

Chukua kila kipande cha mgongo na ukunje ukingo wake mmoja mrefu sentimita moja, kisha sentimita moja nyingine, upige pasi na ushone. Kipande sasa kina upana wa sentimita 32. Tandaza uso mezani, upande mzuri ukitazama juu, kisha ulaze juu yake vipande viwili vya mgongo, upande mzuri ukitazama chini, kingo zilizoshonwa zikipandana katikati kwa sentimita 16. Mpandano huo usipunguzwe sana, maana mto uliojazwa sufi hufura na kuuachanisha mdomo wa foronya iliyobanwa. Piga bandi kuzunguka pande zote nne, kisha ushone kwa cherehani sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Asiye na cherehani ashone kwa mkono, kwa uzi uliokunjwa mara mbili na mishono midogo inayorudi nyuma. Kazi hiyo huchukua muda zaidi lakini hudumu.

Kata ncha za pembe nne kwa mshazari bila kugusa mshono, geuza foronya, na usukume pembe kwa kijiti butu ili zichomoze vizuri. Pale vipande viwili vya mgongo vinapokutana na mshono wa pembeni, rudia kushona mara ya pili, kwa sababu ndipo panapovutwa kila mto unapotolewa na kurudishwa.

Ukuta

Kile kipande kirefu chenye jina kikunje kingo, juu ushone mfereji wa sentimita nne, upitishe ufito mnyoofu na uufunge kamba ya katani ncha zote mbili. Kitundike juu ya kochi au juu ya mlango wa sebule, kwa kimo ambacho mtu aliyeketi anaweza kusoma. Kando yake, kawa mbili au tatu za ukili zenye rangi, zile za kufunikia vyakula, hutosha kabisa. Usiongeze kitu kingine katika ukuta huo.

Mkate wa kumimina

Usiku uliotangulia, osha vikombe viwili vya mchele mpaka maji yawe safi na uuloweke. Mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa haufai, kwa kuwa haulainiki vya kutosha na huacha chenga katika mkate. Katika bakuli jingine loweka vikombe viwili vya mbaazi kavu.

Asubuhi, zikune nazi mbili na uchuje tui zito la kila moja peke yake, bila kutia maji mengi. Machicha ya nazi zote mbili yakamue tena kwa maji ya vuguvugu upate tui la pili, uliweke kando kwa ajili ya mbaazi. Uchache wa maji katika tui la kwanza una maana kubwa, kwa sababu mafuta ya nazi ndiyo yanayoupa mkate ulaini na harufu, na tui jepesi hutoa mkate mkavu unaokatika.

Chuja mchele, uusage katika blenda pamoja na kikombe kimoja cha tui zito, kijiko kidogo kimoja na nusu cha hamira na iliki ya kusaga, mpaka ukishika rojo kati ya vidole usihisi chenga hata moja. Hatua hii isiharakishwe, hata ikibidi kuipumzisha blenda mara kadhaa ili isipate moto. Rojo liwe zito kiasi cha kushuka kutoka kwenye mwiko kwa utepe usiokatika. Likiwa zito mno, ongeza tui kijiko kwa kijiko. Lifunike na uliache mahali penye joto kwa muda wa saa moja hivi, mpaka lijae povu na kuongezeka karibu maradufu. Huu ndio wakati mzuri wa kukata na kupiga bandi foronya.

Likishaumuka, tia robo tatu ya kikombe cha sukari na ute wa yai moja uliopigwa kidogo, ukoroge taratibu na uliache dakika kumi na tano tena. Sukari huja baadaye kwa sababu, ikitiwa nyingi mwanzoni, huizorotesha hamira. Paka sufuria au sinia lenye kina mafuta au samli, ulipashe moto, kisha umimine rojo lote kwa mara moja na usilikoroge tena.

Kwa oveni, oka kwa nyuzi 180 kwa dakika 35 hivi. Kwa jiko la makaa, anza na moto mdogo wa chini, sufuria ikiwa imefunikwa, mpaka matundu yatokee juu na kingo zishike. Hapo uhamishie makaa mengi juu ya mfuniko, ukiacha machache tu chini. Moto wa chini ukizidi, mkate huungua kitako ukiwa mbichi katikati, na hakuna namna ya kuurekebisha. Ukichoma kijiti katikati kikatoka kikavu, uepue na uuache upoe kabla ya kuutoa, maana ukiwa wa moto huvunjika.

Mbaazi za nazi

Mwaga maji ya kulowekea, chemsha mbaazi katika maji mapya mpaka ziive na kupondeka kwa vidole, kisha ubakize maji kidogo tu. Tia kitunguu kilichokatwakatwa, manjano, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, chumvi na tui la pili, uache zitokote mpaka mchuzi uanze kushikana na mbaazi. Malizia kwa tui zito la nazi ya pili. Kuanzia hapo punguza moto, usifunike chungu, na ukoroge polepole bila kuacha mpaka lichemke kidogo, kwa kuwa tui zito likichemka kwa nguvu hukatika na mafuta yakajitenga. Chumvi ionjwe mwishoni, tui likishaingia, kwani nazi huipunguza ukali.

Mkate huliwa siku ileile ukiwa bora, lakini ukifunikwa kwa kitambaa kikavu cha pamba hufika asubuhi bila tatizo. Kwa joto la pwani usiuache nje zaidi ya hapo, kwa sababu nazi huchacha; uweke kwenye friji na uupashe kwa mvuke. Mbaazi zilizobaki ziingie frijini mara zinapopoa, na siku ya pili zipashwe kwa moto mdogo pamoja na maji vijiko viwili, zikisindikizwa na mahamri au chapati.