SOMO: Tafuta panapobana kwenye biashara yako kabla hujatoa hela

Habari za jioni wakuu. Mnaoenda Sengerema na Geita mnakumbuka enzi za kivuko pale Kigongo, utoke Mwanza na gari lenye mbio kiasi gani ukifika pale unapanga foleni na malori, wote mnangoja kivuko. Hata barabara wangeipanua mara mbili usingevuka mapema, mpaka daraja la kilomita 3 lilipofunguliwa 2025. Biashara nayo iko ivo ivo, kuna sehemu moja inaamua mwendo wa zote. Aliyelipanga wazo hili kwa hatua ni Eliyahu Goldratt, Muisraeli aliyesomea fizikia, miaka ya 1980, yeye alianzia viwandani, mimi nimelitumia kwenye steshenari yangu Nyegezi.

Hatua ya 1, tafuta panapobana. Usibahatishe, simama uone kazi inalundikana wapi. Kipindi wanafunzi wanakusanya research foleni yangu ilikuwa inafika barazani, nikaamini printa haitoshi, nikanunua ya pili laki 6 na nusu, foleni ikabaki palepale. Ndo siku moja nikakaa benchi la wateja asubuhi nzima. Printa zote mbili zimetulia, taa ya kijani inawaka, karatasi zimejaa, alafu watu 14 wameshika flashi wanamngoja binti mmoja kwenye kompyuta, anahangaika na jedwali la mtu linaloruka ukurasa, na katikati ya hapo anaitwa atoe chenji, auze peni, atoe kopi ya kitambulisho. Yani palibana kwenye mikono ya yule binti.

Hatua ya 2, patumie vizuri hapo hapo bila kutoa hela. Chenji, peni na kopi nikampa dogo mwingine. Mwenye kazi iliyokamilika anaitoa upande wa pili, hakai foleni ya wanaorekebishiwa. Saa moja ya binti ikipotea duka zima limepoteza saa, ya printa ikipotea hujapoteza kitu.

Hatua ya 3, wengine wote wafuate mwendo wake, na hapa ndo wengi tunashindwa. Dogo anafungua flashi kwanza aone kama inasoma, anauliza mwongozo wa chuo uko wapi, ndo kazi inaenda kwa binti. Meza ikijaa hapokei tena kazi ya "naitaka leo".

Hatua ya 4, bado panabana? Sasa toa hela. Niliongeza kompyuta na mtu.

Hatua ya 5, rudi mwanzo maana pameshahama. Kwangu saivi pako kwenye baindingi.

MASWALI

Swali: Kaka, sasa dogo akikaa bure nusu saa si namlipa bure?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Ukimlazimisha awe bize muda wote atapokea kazi nyingi kuliko binti anavyozimaliza, mlundikano unarudi na wateja wanaondoka na hasira. Muda wake wa kukaa ndo unamfanya awepo binti akimhitaji.

Swali: Mwanangu, mi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi hawapati kitu, giza likiingia dagaa wanajaa mpaka nakosa pa kuanika. Panabana wapi?
Jibu: Shikamoo mama. Panahama kufuata mwezi. Kwenye giza panabana kwenye kuanika, hasa mvua zikianza, kwaiyo usinunue ndoo nyingi za dagaa kuliko chanja zako zinavyobeba, wakioza hiyo hela imeenda. Hela ya kuongeza iende kwenye chanja na turubai, sio ndoo zaidi. Ukiwakausha vizuri ukawaweka stoo, mbalamwezi ikija wewe unao wa kuuza.

Swali: Nina saluni Igoma, viti vitatu, kuanzia Jumatatu mpaka Alhamisi vipo tupu. Niongeze draya ya kisasa?
Jibu: Dada usinunue. Hapo panabana kwenye wateja, ndani kote kuna nafasi. Anza na wale wa Jumamosi wanaochoka kungoja wakaondoka, waombe namba, uwape bei nafuu ya Jumanne uone wangapi watakuja.