Kuandaa siku ya mtaa wakati wa kipupwe na mtaa ukabaki salama

Assalam alaykum ndugu zangu. Masika ishapita, kusi inavuma, jua halichomi, skuli zikifunga tu utaona kila pembe watu wanapanga mambo, huku bonanza, huku maulidi, huku harusi tatu wiki moja. Huu ndo wakati mzuri wa kuandaa siku ya mtaa, hasa kwa sie wa Zanzibar tuliojenga huku nje ya mji, Fuoni, Tomondo, Kijitoupele, Kisauni, Chukwani, na kule Pemba zile nyumba mpya za pembeni mwa Chake na Wete ni hayohayo.

Kule mjini, Ng'ambo na Mji Mkongwe, watu wana barza zao za kukaa nje na kuongea, mgeni akikatiza tu kuna mzee keshamuona na keshauliza huyu mtoto wa nani. Huku kwetu kila mtu kaja na kiwanja chake, kapandisha ukuta, kaweka geti, anatoka alfajiri anarudi usiku, na jirani wa nyuma yake hata jina halijui. Mtaa wa namna hii mwizi anaingia mchana kweupe na kubeba televisheni begani, na kila anayemuona anadhani fundi. Kwahiyo pilau na mpira ni vya kuwakusanya watu tu, kazi yenyewe ya siku ile ni kila nyumba iondoke inamjua jirani kwa sura, kwa jina na kwa namba ya simu. Likae hilo kichwani unapopanga kila kitu.

Anzieni kwa sheha, yaani kiongozi wa shehia yenu. Wapo wanaoanza kwa kukodi spika na kuchangisha, sheha anasikia ngoma inalia, hiyo si adabu na pia mnajinyima msaada, maana sheha ndo mwenye daftari la wakaazi, anajua nani kahamia juzi, nyumba ipi inakodishwa, nani ana mgonjwa ndani. Nendeni watu watatu wanne, asitumwe kijana peke yake, na mmoja awe mama anayeheshimika pale mtaani. Mwambieni bwana sheha au bi sheha siku gani, saa ngapi, kiwanja kipi na nani anasimamia. Yeye atawaunganisha na polisi jamii wa shehia, na kama mnataka kufunga njia mtajua mapema pa kwenda kwenye baraza la manispaa lenu. Mkileta kikundi cha ngoma au muziki wa kukodi ulizieni kibali Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni, msingoje wiki yenyewe. Kisha imamu. Akijua kama adhana ikiingia spika inazimwa atawatangazia mwenyewe baada ya sala, na tangazo la msikitini linafika kwa wazee ambao grupu la WhatsApp haliwafikii. Kama kuna kanisa karibu na kwao pia mpite.

Siku nzuri ni Jumapili. Anzeni saa 2 asubuhi kwa michezo ya watoto, pumzikeni kwa Adhuhuri na chakula, rudini baada ya Alasiri, na jua likianza kuzama mkunje virago, kipupwe Maghrib inaingia saa 12 na kitu tu. Mimi sishauri kabisa siku ya mtaa iingie usiku, hasa mwaka wa kwanza. Giza ndo linaleta mambo yote tunayoyaogopa na hamna mtakachokipata usiku ambacho mchana hakipo.

Kiwanja kikaguliwe kwa miguu, siku tatu nne kabla, na wakaguzi wawe na mtoto mmoja wa miaka minane tisa, yeye ndo atakaewaonesha wenzake wanapochezea. Huku kwetu hatari kubwa ni makaro na mashimo ya choo ya nyumba ambazo hazijamalizwa, mtu kachimba, pesa imeisha, kaweka bati juu na majani yameota, mtoto akikimbilia mpira pale basi tena. Halafu visima vilivyo wazi, madimbwi ya masika ambayo hayajakauka, mashimo ya kuchimbia mchanga, nondo zilizochomoza kwenye msingi. Kila shimo lijulikane la nani, mwenyewe aombwe alifunike kwa mbao nzito au zege, na kama mwenyewe yuko Muscat au Dubai basi mtaa ulifunike na kuzungushia kamba na tawi la mti lenye kitambaa chekundu. Kazi ya asubuhi moja. Hata msipofanya sherehe yoyote mwaka huu, hili la mashimo fanyeni tu.

Kusi nayo msiidharau. Turubali lililofungwa kwa kamba nyembamba na miti miwili linaruka na kuangukia watu, lifungwe pembe zote na katikati, na sehemu ya kupikia iwekwe upande ambao upepo unapeleka moshi na cheche mbali na watu, mbali na paa la makuti na mbali na magari. Wapishi wawe na ndoo mbili za mchanga na pipa la maji hapohapo mekoni, watoto wasikaribie masufuria, na kuni zizimwe kwa maji mpaka majivu yapoe kabla mtu hajaondoka. Umeme uchukuliwe kwenye nyumba ya mtu kwa ridhaa yake, kwa waya mzima uliopitishwa juu, hakuna mtu kupanda nguzo ya ZECO, shirika la umeme.

Na kama kiwanja kiko ng'ambo ya barabara kubwa, mfano ile ya Fuoni au ya uwanja wa ndege, wekeni watu wazima wawili wa kuvusha watoto, mmoja kila upande, wenye fulana za kung'aa, siku nzima kwa zamu. Vespa na bodaboda hazisimami kwa sababu mnacheka na kuimba. Wanaokuja na vyombo waegeshe sehemu moja na pawe na kijana wa kuangalia.

Sasa watoto, na hapa nawaomba msome taratibu. Tunaikumbuka sikukuu ya Idd ya 2008 kule Tabora, watoto karibu 20 walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana ndani ya ukumbi wa disko, walijazwa kuliko nafasi iliyopo. Tangu hapo karibu kila sikukuu polisi wanakataza disko toto na wana haki. Kwahiyo mambo ya watoto yafanyike nje, peupe, msiwafungie kwenye banda wala darasa moja kwa sababu kuna muziki ndani, na zawadi au juisi zisigaiwe kwa kurushwa juu au kwa kugombania, wapangwe foleni, wadogo mbele. Michezo iko tele ambayo haitaki hata shilingi, nage, foliti, mdako, kuvuta kamba, mbio za magunia, watoto wa siku hizi wengine foliti hawaijui kabisa, mama zao wawafundishe, mtaona na mama zao wanacheza.

Kila mtoto mdogo aandikwe namba ya simu ya mzee wake kwenye mkono kwa kalamu ya wino, si kwenye karatasi, karatasi inaanguka. Pawe na mkeka mmoja chini ya mti, wakae kina mama wawili au watatu wanaojulikana na kila mtu, hapo ndo kituo cha mtoto aliyepotea, na itangazwe tangu asubuhi: ukiona mtoto analia peleka mkekani, ukimkosa mwanao nenda mkekani. Mtoto haondoki pale na mtu mwengine ila aliyekuja nae au mzee wake mwenyewe, hata anaemtaka awe ami yake, hata awe ustadh wake, mpigieni kwanza mzee wake simu.

Najua hapo ndo muhali unapoingia, ile haya ya kumkatalia mtu. Sie watu wa visiwani tunaoneana muhali sana, utamwambiaje mtu mzima mwenye heshima zake simwachii mtoto? Utamwambia. Kesi za udhalilishaji wa kingono wa watoto hapa kwetu nyingi zinafanywa na watu wanaojulikana nyumbani, jirani, jamaa, mwalimu, na muhali huohuo ndo unaozizika. Semeni mbele ya watu wote asubuhi kwamba hii ni sheria ya siku ile kwa kila mtu, sheha mwenyewe akiwemo, hapo hakuna atakaeona kavunjiwa heshima. Na likitokea jambo, Mungu aepushe, mtoto asiogeshwe, nguo zake zisifuliwe, apelekwe moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, kinachohudumia waliodhalilishwa, Mnazi Mmoja kipo, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto. Msikae kikao cha familia kwanza. Sulhu ya usiku ule ndo inayopoteza ushahidi na asubuhi mtuhumiwa keshapanda boti. Simu ya kusaidia watoto ni 116, bure, na polisi 112.

Nyumba zinazobaki tupu. Hili watu wengi wanalisahau, mtaa mzima uko kiwanjani, mageti yamefungwa kwa kufuli kwa nje, yaani mnamtangazia mwizi. Dawa yake gawaneni kwa vichochoro, kila kichochoro nyumba sita mpaka kumi, na kila kichochoro kiwe na barza moja ya zamu, watu wawili watatu wanakaa nje na kahawa na bao lao, masaa mawili mawili, kisha wanabadilishana na kwenda kula. Wazee ambao makelele ya kiwanjani hawayataki zamu hii wanaipenda, na wao ndo wanaomjua kila mtu. Chakula kipelekwe barzani kwa sahani zilizofunikwa, tena wao wapelekewe mwanzo. Hizi barza mkizipenda ziendelee jioni jioni hata baada ya sherehe, na kila nyumba iwashe taa moja ya nje usiku, taa moja ya LED haili umeme wa kutisha na kichochoro kizima kinaonekana.

Namba za simu zikusanywe hapohapo wakati wa chakula, msiseme tutapitisha karatasi baadae. Kijana na binti mmoja wapite na daftari, kila nyumba jina la mkubwa wa nyumba, namba mbili, na kama kuna mgonjwa au mtu mzima anaebaki peke yake mchana. Daftari akabidhiwe sheha na nakala kwa mmoja wa kila kichochoro tu, lisisambazwe, namba za wake na mabinti za watu si za kutembezwa ovyo.

Grupu la usalama liwe mbali na grupu la salamu. Mkichanganya, siku mwizi yuko juu ya paa ujumbe utazama chini ya picha za Ijumaa Mubarak hamsini. Humo ndani mtu aandike alichokiona kwa macho yake, wapi, saa ngapi, nguo, chombo na namba yake, kaelekea wapi, hivi:

"Saa 9:20 mchana, nyuma ya msikiti, vijana wawili na vespa ya kijani, namba inaanzia Z 4, mmoja kavaa jezi ya manjano, wanachungulia ukutani, wameondoka upande wa skuli. Nimeona mwenyewe. Nshampigia polisi jamii."

Ujumbe kama huo unasaidia. Ule wa "jamani kuna watu siwaelewi mtaani" unawatia watu hofu tu na unaweza kumponza mtoto wa mtu aliyekuja kumtembelea shangazi yake. Sauti ndefu za dakika tatu zisitumwe humo, picha za watoto pia zisiwekwe, wala picha ya mtu na maneno "huyu mwizi" wakati hakuna aliyethibitisha.

Na akikamatwa mtu kweli, asipigwe. Nalisema kwa uchungu, maana hasira za watu nazijua, mtu kakuibia mtungi wa gesi na simu ya mkeo, lakini ukimpiga akafa mahakamani utasimama wewe, na mara ngapi anaepigwa si yeye. Mkalisheni chini, mzungukeni, wazee wasimame mbele, pigeni 112, sheha aitwe. Vijana waambiwe hivi mapema, na sheha mwenyewe, mbele ya mama zao. Wengi wanaoiba huku mitaani ni watoto wetu walioingia kwenye unga, yaani madawa ya kulevya, na mzee wake pengine yuko palepale anagawa sahani, kwahiyo muongee nae faragha namna ya kumpeleka soba hausi, nyumba ya kuwasaidia waache unga, hilo linapunguza wizi zaidi ya kipigo.

Chakula na choo sina mengi, ila maji ya kunywa yachemshwe au yanunuliwe, ndoo yenye bomba na sabuni iwe kabla ya sahani, kipindupindu kimeshatupiga hapa mara nyingi hatuhitaji kukumbushana, na nyumba mbili zitoe vyoo, kimoja cha wanawake na watoto karibu na mkeka wa kina mama, kimoja cha wanaume upande mwengine.

Jioni kabla hamjatawanyika, viti na masufuria ya kukodi vihesabiwe, taka zichomolewe mpaka kwenye majani, na mweka hazina asome hesabu kwa sauti pale pale, kilichoingia na kilichotoka, chenji iliyobaki inunue mfuniko wa shimo au balbu za kichochoro chenye giza. Halafu sheha ataje majina ya wa zamu wa kila kichochoro kwa wiki inayofuata, wasimame waonekane, ndo watu waende kusali.