Somo: Kuhesabu ndege kwa macho na kwa masikio

Jumamosi tulisimama chini ya mti mmoja msituni Pugu, mimi na mpwa wangu, dakika kumi kamili. Daftari langu lilikuwa na ndege sita, lake tisa. Nikamshuku. "Mjomba, si huyo hapo analia!" Nikainua darubini: ndege mdogo aitwaye chozi, mdomo unafunguka na kufumba, mimi sisikii kitu. Umri ukisogea, sauti nyembamba ndizo hutangulia kututoka, na mimi nina miaka 56. Kwa hiyo pima kwanza kiungo chako kipi kina nguvu.

1. Fika kabla ya saa moja asubuhi. Simama, usitembee. Dakika mbili za mwanzo funga macho.

2. Andika S kwa uliyemsikia, M kwa uliyemwona. Aliyesikika kisha akaonekana ni yuleyule mmoja, ila S itangulie. Baada ya safari chache herufi hizo zitakusema.

3. Kutafuta sauti ilikotoka, weka viganja nyuma ya masikio ugeuze kichwa polepole. Ikilingana kulia na kushoto, basi ndege yuko mbele yako au nyuma yako. Anza na dudumizi, yule wazee wanayesema analilia mvua: sauti nzito, inashuka kama maji yanayotoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. Huyo hata mimi sijampoteza.

4. Usitafute ndege kwa darubini. Tafuta jani linalotikisika peke yake wakati hakuna upepo, likazie macho, ndipo unyanyue darubini bila kuyahamisha. Ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha. Zinazokuza zaidi hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo.

Kunduchi, ufukweni, mambo hugeuka. Upepo na mawimbi humeza sauti, macho ndiyo yanafanya kazi. Nenda maji yakijaa, ndege wanasukumwa karibu na ufuko. Maji yakipwa wako mbali huko, vidoa tu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Huku Tabata ni kunguru na bodaboda tu. Nisikilize nini?*

Marahaba. Wasikilize haohao kunguru. Wakikusanyika mti mmoja na kupiga kelele kwa hasira, sogea ukaangalie katikati yao: mara nyingi wamemzingira bundi au mwewe.

*Niliyemsikia tu namhesabu?*

Ndiyo, kama sauti yake unaijua kwa hakika. Kama huijui, rekodi kwa simu na uandike "sauti, hajulikani". Kukisia hapana, tafadhali.

*Mwalimu, mimi nyekundu na kijani zinanichanganya. Nitaweza kweli?*

Utaweza, kijana wangu. Shika umbo: urefu wa mdomo, mkia, anavyoruka. Hondohondo, kwa mdomo wake mkubwa, hahitaji rangi hata kidogo. Masikio yako vipi, mazima? Basi Jumamosi ijayo njoo Pugu usimame kushoto kwangu. Kulia yupo mpwa.