Jinsi ya Kuomba Leseni ya Redio ya Jamii Kenya: Mkutano Kwanza, Mnara Baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu redio ya jamii huanza na bei ya mtambo wa kurushia matangazo. Mimi huwauliza kama wameshafanya mkutano, na hapo mazungumzo hupoa kidogo. Mtambo unanunulika hata Jumamosi, lakini leseni huombwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya na watu waliokaa chini, wakakubaliana kuwa wanataka redio, na wakaandika walichokubaliana.

Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998, pamoja na marekebisho yake, inatambua watangazaji wa aina tatu: wa umma, wa binafsi na wa jamii. Kanuni za Utangazaji za 2009 ndizo zinazotaja mwombaji wa redio ya jamii anapaswa kuleta nini. Anayenung'unika kuwa makaratasi ni mengi akumbuke Homa Bay. Redio ndogo ya jamii ilianzishwa kule mwaka wa 1982 kwa msaada wa UNESCO, na serikali ikaifunga 1984. Wakati huo hapakuwa na fomu ya kujaza wala mlango wa kubisha.

Hatua ya kwanza: mkutano na kumbukumbu zake

Kanuni zinadai kumbukumbu zilizoandikwa za mkutano ambao wanachama waliamua kuanzisha kituo. Vikundi vingi hujikwaa hapa, kwa sababu huandika kumbukumbu mwishoni, usiku wa kuamkia kupeleka maombi, watu watatu wakiwa wamezunguka kompyuta moja. Niliwahi kusaidia kikundi kimoja huku Pwani, nasi tukafanya vivyo hivyo. Mama mmoja wa kikundi, mwalimu mstaafu, alisoma karatasi yetu mara moja tu akatuambia, "Wanangu, hapa mmeandika viongozi wamekubali. Watu je?" Tukarudi uwanjani.

Iteni mkutano wa hadhara. Chifu aarifiwe mapema, na tangazo lisomwe msikitini, kanisani na sokoni. Wazee wa mtaa waje, na vikundi vya akina mama, vijana wa bodaboda, watu wenye ulemavu, wavuvi au wafugaji kadiri ya eneo lenu. Kumbukumbu zitaje tarehe, mahali, ajenda, hoja zilizotolewa pamoja na zile za kupinga, na azimio lenyewe kwa maneno yasiyo na utata: kikundi fulani kimeamua kuanzisha redio ya jamii kwa ajili ya eneo fulani. Ambatanisheni orodha ya waliohudhuria na sahihi zao. Mzee akisimama kuuliza, "Hiyo redio ni ya nani hasa?", msimkatize. Andikeni swali lake na jibu alilopewa, kwa kuwa ndilo swali atakalokuwa nalo atakayesoma faili lenu.

Mfano mzuri ni Radio Mang'elete ya Nthongoni, kaunti ya Makueni, iliyoingia hewani mwaka wa 2004. Ilitokana na muungano wa vikundi vya akina mama vilivyokuwa vikifanya kazi pamoja kabla ya redio kufikiriwa.

Hatua ya pili: usajili

Mnahitaji kuwa chombo kisichogawana faida. Mnaweza kujisajili kama kikundi cha kijamii kupitia afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, au mkafungua kampuni ya dhamana isiyo na hisa. Njia ya kikundi ni nyepesi na rahisi kwa mfuko, ila kampuni ya dhamana huwatuliza wafadhili. Chama cha kisiasa hakipewi leseni ya utangazaji, kwa hiyo mheshimiwa akijitolea kuwanunulia mtambo, apokelewe kwa shukrani na hati ya zawadi iandikwe kwa jina la kikundi. Mali ikibaki kwa jina lake, mtakuja kunyang'anywa msimu wa kampeni.

Chukueni PIN ya kodi kwa jina la kikundi, na akaunti ya benki yenye watia sahihi watatu.

Hatua ya tatu: katiba

Msinakili katiba ya chama cha akiba. Katiba ya redio inatakiwa itaje malengo ya kituo, mfumo wa uongozi, jinsi maofisa wanavyochaguliwa, kazi ya kila mmoja, na ukomo wa muda wao. Kifungu cha ukomo ndicho kinachochukiwa na waanzilishi, na ndicho kinachookoa redio. Mwanzilishi akikaa miaka kumi kwenye kiti, watu wataanza kuiita redio yake, na wataacha kuleta habari.

Ongezeni kifungu kuhusu wanaojitolea: nani anaruhusiwa kukaa kwenye maikrofoni, anafundishwa na nani, anapewa nauli au chakula cha mchana kwa utaratibu gani, na anaachishwaje. Redio nyingi za jamii huendeshwa na vijana wasio na mshahara ambao wakishaiva huchukuliwa na vituo vikubwa. Hilo si baya, mradi katiba itaje mafunzo ya mara kwa mara ili kiti kisibaki kitupu.

Hatua ya nne: ratiba ya vipindi

Mtatakiwa kutoa ratiba ya wiki nzima, ikionyesha jinsi makundi mbalimbali ya jamii yatakavyoshiriki kuandaa na kutangaza vipindi. "Saa tatu: muziki" haitoshi. Andikeni nani anaandaa, anapata wapi habari, na msikilizaji anaingiaje.

Tuseme mko Kwale. Alfajiri, kabla wavuvi hawajashuka pwani, kuna hali ya bahari na upepo inayosomwa na mvuvi mwenyewe baada ya kupata taarifa ya idara ya hali ya hewa. Asubuhi kuna bei za soko, anayezikusanya ni mama muuza mboga kwa simu yake. Jumanne jioni kipindi cha lugha ya Chidigo, Alhamisi cha Chiduruma, wazee wakisimulia na vijana wakiuliza. Siku ya kliniki ya watoto, muuguzi wa zahanati anapokea maswali. Halafu kuna yale matangazo madogo ambayo hakuna redio ya Nairobi itayasoma: mbuzi aliyepotea, msiba na saa ya mazishi, mfereji uliokauka, maombi ya basari ya karo yanayofungwa Ijumaa. Kanuni zenyewe zinataka redio ya jamii ishughulikie mambo ambayo watangazaji wengine hawayagusi.

Wekeni pia mpango wa dharura. Pamoja FM ya Kibera ilianza 2007, na muda mfupi baadaye ghasia za baada ya uchaguzi zikalipuka. Ilitumia maikrofoni yake kuwatuliza majirani. Nani kwenu atafungua studio usiku wa mafuriko, na taarifa atazithibitisha kwa nani kabla ya kuzisoma?

Hatua ya tano: fedha

Onyesheni pesa za kuanzia na za kuendelea: michango ya wanachama, misaada, udhamini, matangazo ya biashara. Redio ya jamii inaruhusiwa kutangaza biashara, lakini ziwe zinazoihusu jamii ya eneo hilo, na mapato yote yarudi kwenye kazi ya jamii. Msisahau umeme kwenye bajeti. Kituo kikizimika siku tano kwa sababu ya tokeni, wasikilizaji huhama kimya kimya. Na msijione wanyonge kwa kukosa jengo: Koch FM ya Korogocho, Nairobi, ilianzia ndani ya kontena.

Hatua ya sita: masafa na mnara

Ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano mapema kama eneo lenu lina masafa ya FM yaliyo wazi, kabla ya kununua chochote. Nairobi imebanana kiasi kwamba redio za jamii za mitaa tofauti zimewekwa pamoja kwenye 99.9, kila moja ikirusha kwa nguvu ndogo ili isimfunike mwenzake.

Fundi wenu aandae alama za GPS za mahali pa mnara, mwinuko wa eneo, urefu wa antena, nguvu ya mtambo kwa wati na ramani ya eneo litakalofikiwa. Mtambo uwe wa aina iliyoidhinishwa na Mamlaka. Mnara mpya unahitaji pia kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa ajili ya ndege, cha NEMA, mamlaka ya mazingira, na cha kaunti. Kama kuna mnara wa jirani wa kukodi, kodini.

Hatua ya saba: kuwasilisha na kusubiri

Jazeni fomu ya Mamlaka, lipeni ada kwa jedwali lililochapishwa siku mnayolipa, na mtunze nakala ya kila karatasi pamoja na risiti. Kabla ya kutoa leseni, Mamlaka hutangaza maombi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na kuacha angalau siku 30 za pingamizi. Muda huo utumieni kufundisha watangazaji. Msiwashe mtambo "kujaribu tu", kwani kurusha bila leseni ni kosa la jinai.

Leseni ikifika, isomeni mbele ya wanachama wote. Wajulisheni watangazaji kuwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku hairuhusiwi kitu kisichofaa watoto, nyimbo zikiwemo. Lipieni haki za muziki. Hifadhini rekodi za vipindi, maana siku malalamiko yakija mtaulizwa mlisema nini hasa. Na ufunguo wa studio uwe kwa watu wawili wanaokaa mitaa tofauti.