Milio ya podikasti: mpigaji asijisikie mwenyewe

Kama unarusha makofi au kengele kutoka kwenye kompyuta ya Windows na mpigaji wa Zoom analalamika kwamba anasikia sauti yake mwenyewe, tatizo liko kwenye vitufe vya programu ya kuchanganya sauti. Kwenye VoiceMeeter Banana, programu ya aina hiyo, kicheza milio kipeleke sauti VoiceMeeter Input, sauti ya Zoom iende Aux Input, na maiki ya Zoom iwe B1. Vitufe vya kila safu vinachagua sauti iende wapi: A1 ni hedifoni yako, B1 ni Zoom, B2 ni rekodi. Maiki yako washa B1 na B2. Milio A1, B1 na B2. Mpigaji A1 na B2 tu. B1 ya mpigaji ikiwaka, anarudishiwa sauti yake mwenyewe. Rekodi B2, na sikiliza kwa hedifoni.

Makofi yakimfikia yamekatikakatika, ni kichuja kelele cha Zoom kinayala. Kizime. Mbeya mwezi wa Januari, mvua ikipiga bati, utatamani kukirudisha. Afadhali isogeze maiki vidole vinne kutoka mdomoni na uongeze Gate (inayonyamazisha maiki usipoongea) kidogo kwenye safu ya maiki, maana hiyo haigusi milio.

Faili ziwe WAV, na kata ukimya wa mwanzoni: nusu sekunde tu inatosha kuua utani. Milio ishushe kama desibeli 10 chini ya sauti yako.