Unasomea kilimo cha bustani? Anza na kisu cha kubebeshea

Wewe unayesomea kilimo cha mboga, matunda na maua, usisubiri mafunzo ya vitendo ya mwaka wa mwisho. Jifunze kubebesha miche sasa hivi, yaani kuunganisha kitawi cha mmea mmoja (kikonyo) na shina la mche mwingine. Mkato uwe mmoja, laini, kwa kisu kikali kilichosafishwa. Halafu tazama ule utando mwembamba wa kijani chini ya gome: wa kikonyo na wa shina lazima vigusane, hata kama ni upande mmoja tu. Funga kwa utepe wa plastiki, weka kivulini, usiuguseguse. Kwa mwembe, baada ya wiki tatu au nne utaona chipukizi likifumuka. Raha yake siwezi kuieleza! Andika tarehe, aina ya mmea, mingapi imeshika na mingapi imekufa. Daftari hilo, kwa maoni yangu, litamshawishi mwajiri kuliko cheti peke yake.

Na kazi si shamba tu. Kuna vitalu, kampuni za mbegu, utunzaji wa bustani za mapambo na viwanja vya michezo, ugani (kuwashauri wakulima), utafiti, ukaguzi wa magonjwa ya mimea mipakani.

Wengi huisahau hifadhi baada ya mavuno, nami naipenda sana. Ndizi ukiiweka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, ganda hugeuka kijivu na haiivi vizuri. Saladi, ile mboga ya majani, yenyewe hutaka baridi karibu na sifuri. Anayeyajua haya huokoa mzigo mzima.